Kuotesha mbegu za mitende nyumbani, Kisumu na kwingineko kwenye baridi zaidi

Mara ya kwanza kujaribu kuotesha mitende nilikuwa naishi Nakuru. Niliokota mbegu kama mia moja za ule mtende mrefu wenye shina jeupe kama nguzo ya saruji, nikazipanda kwenye karai lililotoboka, nikawa namwagilia kila asubuhi. Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu nikachoka, nikamwaga karai zima kwenye lundo la samadi nyuma ya nyumba. Wiki kama sita baadaye nilienda kuchota samadi ya sukuma wiki, nikakuta vijani vyembamba kama nyasi vimechomoza ubavuni mwa lundo, ishirini na ushee. Mbegu zilikuwa hai muda wote; kilichozishinda ni baridi. Samadi inayooza huwa na joto ndani, na humo ndimo zilimopata kile ambacho karai langu halikuwa nacho.

Siku hizi niko Kisumu, na mbegu zilezile huota barazani bila hila yoyote. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Kisumu iko mita 1,130 hivi, mchana ni nyuzi 29 au 30, usiku 17 au 18. Mbegu nyingi za mitende hutaka nyuzi 27 hadi 35 ndipo ziamke. Chini ya 20 hulala tu, na zikilala kwenye udongo uliolowa sana huoza. Wengi wetu tunazipa maji mengi na joto kidogo, kumbe zinataka kinyume chake.

Kabla hatujaanza, neno kuhusu majina. Kiswahili kinaita kila mmoja kwa jina lake: mnazi, mkindu, mvumo, mkoma, mchikichi, mpopoo. Jina la ukoo mzima halijakaa sawasawa, kwa hiyo hapa nasema "mitende" kwa maana ya wote, na nikitaka ule wa tende nitasema mtende wa tende. Ya mapambo nitaitaja kama wauza miche wanavyoitaja: royal (Roystonea regia, huo wa nguzo ya saruji), areka (Dypsis lutescens, wenye mashina mengi ya manjano), na Washingtonia, wenye majani kama kipepeo cha kupulizia jiko.

Miwili ijiondoe mapema. Ule mfupi wenye majani magumu ya kuchoma, unaouzwa kama "sago", si mtende. Ni saikadi, mmea wa ukoo mwingine kabisa, na mbegu zake ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa. Na ule unaopanga majani kama feni, unaoitwa mtende wa msafiri, ni ndugu wa maua ya strelizia. Haya mafunzo hayaihusu.

Kupata mbegu

Mbegu nzuri huokotwa, hainunuliwi. Zunguka mjini uangalie mitende iliyopandwa kwenye hoteli, makanisa na kando ya barabara. Msalimie askari wa geti, mweleze unataka nini. Mimi sijawahi kunyimwa, ila nimechekwa sana. Okota matunda yaliyoanguka yenyewe yakiwa yamebadilika rangi. Ya royal hugeuka zambarau nzito na ni madogo, kama sentimita moja. Ya Washingtonia ni meusi, ukubwa wa njegere zilizokauka. Ya mkindu, ule wa kwetu wa kandokando ya mito unaosukiwa mikeka, hugeuka rangi ya machungwa kisha kahawia, na watoto huyala.

Mbegu ya mtende haiwekwi kama mahindi. Nyingi hupoteza uhai zikikauka, na iliyokaa miezi sita kabatini huenda imeshakufa. Kwa hiyo kata chache uone. Nikiwa na hamsini, tano huzikata katikati kwa kisu na nyundo. Ndani panatakiwa pawe peupe, pagumu, pamejaa hadi kwenye ganda. Ukikuta kahawia, uwazi au harufu ya kuoza katika tatu kati ya tano, rudi ukaokote nyingine. Wengine hutumia maji tu, inayoelea wanaitupa. Usitegemee hilo peke yake, nimeotesha zilizoelea.

Tende za dukani, zile za mwezi wa Ramadhani, kokwa zake huota vizuri, na ndizo ningempa mtu anayejaribu mara ya kwanza. Ila ajue anachokipanda. Mtende wa tende una dume na jike, na hutajua umepata yupi mpaka utoe maua baada ya miaka kadhaa. Tena mche wa kokwa haufanani na mama yake kwa utamu. Na hata jike likizaa, tende hutaka ukavu kama wa Turkana. Mvua za huku kwetu huziharibu zikiwa mtini. Panda kwa ajili ya kivuli na uzuri wake.

Mnazi una kanuni zake. Wapwani wameshatuwekea hatua kwa majina: kitale, dafu, koroma, nazi. Dafu halioti, koroma bado. Unataka nazi iliyokomaa ikakauka, ikiwa bado na makumbi yake, na ukiitikisa usikie maji yanacheza. Zile za sokoni Kibuye zimeshafuliwa, hazina makumbi, na nyingi huishia kuoza. Ukimpata mtu anayetoka Pwani mwagizie isiyofuliwa. Ilaze ubavu, izike nusu kwenye mchanga wenye unyevu, usubiri miezi mitatu hadi sita. Hiyo tu, na mengi yanayofuata hapa chini hayauhusu.

Mchikichi nao uache. Mbegu zake huhitaji kukaa kwenye joto la nyuzi 38 hadi 40 kwa wiki nyingi kabla ya kuloweshwa, na bila mashine ya joto utapoteza mwaka. Nunua mche.

Kuzisafisha

Hapa ndipo wengi huharibu kwa uvivu. Nyama ya tunda huvuta kuvu na sisimizi, na ina vitu vinavyoizuia mbegu isiote. Lazima itoke yote.

Tia matunda kwenye ndoo ya maji, funika, acha siku mbili au tatu mpaka yaanze kunuka uchachu. Mwaga maji. Tia konzi mbili za mchanga wa mto, sugua kati ya viganja kama unayefua soksi, kisha suuza. Rudia mpaka ukiishika mbegu haitelezi. Kwa mbegu nyingi mimi husugulia juu ya kipande cha waya wa kuku kilichofungwa mdomoni mwa ndoo: nyama hubaki juu, mbegu ndogo hupenya.

Vaa glavu. Kuna mtende wenye majani yaliyochanika kama mkia wa samaki, na matunda yake yana vichembe vyenye ncha kali visivyoonekana kwa macho. Niliyasugua kwa mikono mitupu Jumapili moja jioni. Usiku mzima nilikuwa nimekaa kitandani nimetumbukiza viganja kwenye beseni la maji baridi, siwezi hata kufunga kifungo cha shati. Kama huujui mti, uhesabu kuwa unawasha.

Zikishakuwa safi, zichovye dakika kumi kwenye maji yenye Jik (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe), sehemu moja kwa tisa, halafu uzisuuze vizuri. Si lazima, ila hupunguza ukungu.

Kuloweka

Siku moja kwa mbegu ndogo, mbili kwa za kati, tatu au nne kwa kokwa ngumu kama za tende na mkindu. Badilisha maji kila siku, kwa sababu maji yaliyolala huishiwa hewa na mbegu huanza kuvunda. Weka chombo mahali pa vuguvugu. Ukiona watu wanakwaruza ganda kwa msasa au tupa, ujue inasaidia kwa baadhi ya zile ngumu sana, lakini ukikwaruza upande kilipo kiinitete, yaani kile kimche kichanga kilicho ndani ya mbegu, umeiua. Mimi niliacha.

Sanduku la kuoteshea

Maelekezo mengi ya nchi za nje yanakuambia utie mbegu kwenye mfuko wa plastiki. Hapa kwetu mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, na hata hivyo kopo lenye kifuniko ni bora zaidi: halipasuki, panya halitafuni kirahisi. Kopo la aiskrimu la lita mbili huchukua mbegu 60 za royal bila shida.

Ndani tia kitu chepesi kinachoshika unyevu bila kutota. Kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, ni safi lakini ina bei. Mimi huchanganya nusu kwa nusu mchanga wa mto uliooshwa na makapi ya mpunga yaliyochomwa, na makapi hayo ni rahisi kupata kwenye vinu vya Ahero. Chukua yaliyochomwa au uyachome mwenyewe mpaka yawe meusi. Mabichi huja na punje zilizosalia, zinaota kabla ya mitende yako na kuwaita panya. Vumbi la mbao linafaa kama ni la zamani na si la mbao zilizopakwa dawa.

Unyevu upime kwa ngumi. Kamata mchanganyiko, uminye kwa nguvu zako zote. Likitoka tone moja au mawili, sawa. Ukitiririka, tandaza juani ukauke kidogo. Usipotoa kitu na donge likavunjika, ongeza maji kwa mkono. Kipimo hiki ndicho kinachoamua, kwa sababu kopo likifungwa hutamwagilia tena kwa wiki nyingi.

Changanya mbegu humo ndani, funga, andika jina na tarehe. Tumia penseli kwenye kipande cha kopo jeupe la maziwa lala ukitumbukize ndani; wino wa kalamu hufutika, nami nina makopo mawili sasa hivi ambayo sijui yana nini.

Kisumu, liweke barazani mahali pasipo na jua la moja kwa moja, au juu ya kabati la jikoni. Usiliweke juu ya bati ukidhani unaongeza kasi. Likipita nyuzi 40 unazipika. Nakuru, Eldoret au Kericho itabidi utafute joto. Juu ya friji hufaa. Kaka yangu aliyebaki Nakuru huweka kopo ndani ya katoni yenye magazeti, na kila usiku hutia chupa ya maji ya moto kando yake. Lundo la samadi nalo linafaa, mradi usilitumie likiwa bichi: ingiza mkono sentimita 20 ndani, na kama huwezi kuuacha humo ukihesabu hadi ishirini, ni moto mno. Subiri wiki mbili, kisha ulizike kopo lililofungwa.

Fungua mara moja kwa wiki, zipate hewa, uondoe zilizoota ukungu au zilizolainika. Usizichimbuechimbue zaidi ya hapo.

Muda ukoje? Washingtonia hukimbia, wiki mbili hadi sita. Areka mwezi mmoja hadi miwili. Kokwa za tende na mkindu mwezi mmoja hadi mitatu. Royal miezi miwili au mitatu, na wachelewaji wake hufika hata mwezi wa tano. Haziamki pamoja. Kopo moja litakupa miche sita wiki hii, kisha kimya, kisha kumi na mbili. Kabla hujalimwaga, kata mbegu moja. Ikiwa bado nyeupe na ngumu ndani, funga kopo.

Kinachotoka si mzizi

Kokwa ya tende ikianza, hutoa kitu cheupe, kinene kama njiti ya kiberiti, kinachoelekea chini. Kila mtu hudhani ni mzizi. Ni kama mkono wa jani la mbegu, umekibeba kiinitete kukipeleka chini kabisa, sentimita kadhaa mbali na kokwa. Huko mwisho wake ndiko mzizi utakakoanzia, na jani la kwanza litapasua ubavu wa mkono huo na kupanda juu. Kwa hiyo mche wa mtende wa tende huchomoza kando ya mahali ulipofukia kokwa, na wengi wamewahi kuutia jembe wakidhani ni nyasi. Mkono huo ukivunjika, mche umekwisha. Mkindu na Washingtonia hufanya vivyo hivyo. Areka na royal ni tofauti: kitufe kidogo huvimba kwenye mbegu yenyewe, chipukizi linapanda na mzizi unashuka papo hapo.

Ndiyo sababu tende na mkindu hutaka chombo kirefu, sentimita 15 hadi 20, wakati areka inaridhika na kifupi. Mvumo umezidi wote. Mkono wake huzama nusu mita na zaidi, kwa hiyo unapandwa palepale utakapoishi.

Kuhamishia kwenye pakiti

Hamisha mara tu ule mkono au kitufe kikifika sentimita mbili au tatu. Ukingoja mizizi isokotane utaikata ukiitenganisha. Pakiti za maziwa za nusu lita, zilizooshwa na kutobolewa matundu manne chini, ndizo kitalu changu kizima. Kwa zile za mkono mrefu nakata chupa ya maji ya lita moja na nusu shingoni.

Udongo: mchanga wa mto sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, udongo mwekundu sehemu moja. Kama unaishi Kano au Nyalenda, usichote ule mweusi wa nyuma ya nyumba. Ukilowa hunata, ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Udongo mwekundu wa kutoka Maseno au Vihiga unafaa kununuliwa hata gunia moja. Samadi ya mbuzi iwe imekaa angalau miezi mitatu; mbichi huunguza.

Mkono wa mbegu uelekee chini, mbegu ifunikwe kwa unene wa kidole tu. Kwa areka na royal, acha mgongo wa mbegu uonekane. Usiing'oe mbegu hata kama inaonekana imezeeka, maana mche bado unanyonya chakula chake humo, na hujitenga wenyewe baadaye.

Jani la kwanza halitafanana na mtende. La tende na mkindu ni upanga mmoja mwembamba. La areka limegawanyika pande mbili kama mkia wa mbayuwayu. Majani yaliyochanika kama ya mkubwa huja baadaye sana, mwaka wa pili au wa tatu.

Miezi kumi na miwili ya kwanza

Kivuli, miezi sita ya mwanzo: chini ya mwembe, au neti inayozuia nusu ya jua. Jua la Kisumu la saa saba mchana hubabua jani changa likawa jeupe kama karatasi, na halirudi. Baada ya hapo isogeze juani kidogo kidogo, wiki mbili asubuhi tu, kisha zaidi. Areka hupenda nusu kivuli hata ikikua.

Maji: chomeka kidole hadi kifundo cha kwanza. Pakavu, mwagilia mpaka yatoke chini. Pamelowa, acha. Miche mingi niliyopoteza niliiua kwa maji, hasa Aprili mvua inaponyesha kila jioni nami bado namwagilia asubuhi kwa mazoea.

Mbolea isubiri jani la pili. Kisha NPK 17:17:17, robo ya kijiko cha chai kwa pakiti kila baada ya miezi miwili, mbali na shina, na maji mara moja. Usitie jivu ovyo. Najua nyanya zetu walilitia kila mahali, lakini likizidi udongo huwa mchungu kama magadi, na majani mapya huja yamepauka kwa kukosa chuma. Majani mapya yakipauka bila jivu, kagua matundu ya pakiti kwanza. Mara nyingi yameziba na mizizi imekosa hewa. Yakiwa ya zamani ndiyo yanageuka manjano, ni njaa, leta mbolea.

Adui mkubwa kuliko wote ni kuku. Kuku wa jirani alinimalizia pakiti kumi na tisa asubuhi moja akitafuta minyoo, na jirani ni shemeji, kwa hiyo sikusema kitu, nilinunua waya. Panya huchimbua mbegu usiku, basi weka pakiti juu ya meza. Kiangazi cha Januari na Februari angalia chini ya majani: utando mwembamba na vidoti vya manjano ni utitiri, vigamba vidogo vya kahawia ni wadudu magamba. Vyote navifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, jani kwa jani, kila wiki mpaka viishe.

Kuipeleka ardhini

Pakiti ikijaa mizizi, hamishia kwenye ndoo ya lita kumi. Mche ukifika magotini, kwa kawaida mwaka mmoja na nusu au miwili, upande nje mvua za masika zikianza, Machi mwishoni au Aprili. Shimo liwe pana mara mbili ya ndoo, kina sawa na ndoo, si zaidi. Shina likifukiwa huoza, na mtende una kichwa kimoja tu cha kukulia. Mizizi usiipunguze.

Royal hupita mita 20, kwa hiyo usiupande chini ya nyaya za umeme wala karibu na paa, kwani jani moja likianguka lina uzito wa kuvunja bati. Uupe mita tano kutoka ukutani. Areka ni mita mbili. Mkindu una miiba kama sindano chini ya majani, usikae karibu na njia ya watoto.

Mwaka wa kwanza ardhini, wakati wa kiangazi, mche mmoja hunywa ndoo mbili kwa wiki, na matandazo ya nyasi kavu yawekwe umbali wa kiganja kutoka shinani, ili mchwa wasipate daraja la kuufikia.